Degedege la Alfajiri

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka miwili hushikwa na degedege, aghalabu alfajiri kabla ya kula. Majirani humtia kijiko baina ya meno na kummiminia maji ya mitishamba, nao wasema asile mpaka mganga avuke kutoka Kongo. Nimesikia iko protini ipitishayo chakula ubongoni. Je, yahusika? — Mama, Bwera.

JIBU: Mama, dhana hii ya kumnywesha dawa mtoto aliyepotewa na fahamu nimeikuta katika nyumba za Kasese mara zisizohesabika, wala sijaona aliyepona kwayo, kwani degedege kwa kawaida hukoma lenyewe kabla ya dakika tano, na mnyweshaji akadhani ni maji yake yaliyotenda kazi. Asiye na fahamu hawezi kumeza, hivyo kimiminwacho kinywani huweza kuteremka mapafuni, na mtoto ambaye angeamka salama huletwa kwetu baadaye ana kichomi, au amekwisha kukata roho kwa kupaliwa. Kijiko nacho huvunja meno bure, kwani ulimi haumezwi. Mlazeni kwa ubavu, mlegezeeni nguo shingoni, mtazame saa.

Kumnyima chakula ni hatari vilevile. Protini uliyoisikia, GLUT1, huipitisha sukari kutoka damuni kuingia ubongoni. Wako watoto wachache wazaliwao na kasoro yake, maradhi yaliyoelezwa na Darryl De Vivo na wenzake mwaka 1991, ambao hushikwa hasa wakiwa na njaa ijapokuwa sukari ya damuni ni kamili; hutambuliwa kwa kupimwa maji ya uti wa mgongo, na hutibiwa kwa lishe ya mafuta mengi na wanga kidogo, ambayo ni haramu kuianza nyumbani pasipo tabibu.

Illa maradhi hayo ni nadra. Kwetu nakhofia kwanza malaria kali, ambayo huweza kuishusha sukari ya damu chini ya milimoli 2.2 kwa lita, kisha homa ya uti wa mgongo na kifafa, na hakuna hata moja kati ya hayo linalomngoja mganga. Hospitali ya Bwera i karibu nanyi, na Kagando si mbali. Sikubali udhuru wa gulio la Mpondwe wala wa mtoto kuamka akicheza. Mpeleke leo, na degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, mbebeni usiku huohuo, mkamwambie muuguzi ampime sukari na malaria pale pale mlangoni.