Baba alituacha, nimwiteje Mungu Baba?

SWALI: Mchungaji, nimelelewa na bibi hapa Tukuyu. Baba alituacha nikiwa mdogo. Tukianza Sala ya Bwana ulimi unakuwa mzito. Je, kweli Mungu yuko karibu kama mzazi?

JIBU: Mwanangu, uzito huo si dhambi. Hata wazee wa Rungwe waliogopa ukaribu wa Mungu. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba walimwomba Kyala, yaani Mungu kwa lugha yao, aende zake, kwa kuwa kukaribia kwake kulimaanisha balaa. Wamisionari Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitangaza habari tofauti kabisa: huyo mliyemwogopa ni Baba, na anawatafuta.

Usimpime Mungu kwa kipimo cha baba yako. Soma Luka 15, mfano wa mwana mpotevu. Mzee mwenye mali na heshima zake anamwona mwanawe kwa mbali, anatoka mbio, anamkumbatia kabla kijana hajamaliza kutubu. Hakumngoja mlangoni na fimbo.

Tena Isaya 49:15 inamlinganisha Mungu na mama anyonyeshaye. Kwa hiyo anza na bibi yako, aliyeamka usiku wa baridi ya Julai kukufunika blanketi bila wewe kuomba. Upendo ule ulitoka kwa Mungu.

Wiki hii omba kwa Zaburi 27, hasa mstari wa 10, unaowahusu walioachwa na wazazi. Kidonda kikiuma sana, usikae nacho peke yako. Mwone mchungaji au mzee wa kanisa unayemwamini.