Jiwe Lisiwe Mke wa Kwanza



Mkitoka Kisumu kwa barabara ya Bondo, baada ya karibu kilomita 30 mtaona mawe makubwa sana yaliyopandana. Hapo ni Kit Mikayi, maana yake kwa Kijaluo "jiwe la mke wa kwanza". Husimuliwa kwamba hapo kale aliishi mzee jina lake Ngeso. Kila asubuhi aliamka akaenda kukaa katika pango la jiwe lile kutwa nzima, na mkewe akalazimika kumpelekea chakula huko huko. Watu walipouliza mzee yuko wapi, mama yule alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza.

Hadithi hii huchekesha, lakini uchungu wake anaujua yule aliyebeba chungu. Labda mzee alikuwa na huzuni, na jiwe lilimtuliza. Hatumlaumu kwa kupenda kivuli na kimya. Kosa lake ni kwamba alikwenda peke yake, siku zote.

Huzuni moja, njia mbili

Tufikirie nyumba moja ya siku hizi. Bwana na bibi wamefiwa na mtoto. Matanga yamekwisha, wageni wamerudi kwao. Kila jioni bwana akitoka kazini anapitia ufukoni Dunga, anatazama mashua za wavuvi, kisha anarudi usiku bila neno. Bibi amebaki ndani na nguo ndogo ambazo hajui azipeleke wapi. Anajiambia, "Huyu hakumpenda mtoto." Bwana naye anajiambia, "Nikifika nyumbani ni machozi tu, heri nikae hapa."

Wote wawili wanamlilia mtoto yule yule. Mmoja amepata pa kupumulia, mwenzake hana. Nyumba nyingi husimama imara siku ya mazishi, zikaanza kupasuka baadaye, kila mmoja anapoubeba msiba kivyake.

Kwa nini nje panasaidia

Bwana huyo hakukosea kwenda ziwani. Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich alitoa matokeo ya uchunguzi wake katika hospitali moja ya Marekani. Alilinganisha wagonjwa waliopasuliwa kwa ugonjwa mmoja. Wale ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko wale waliotazama ukuta wa matofali. Mwaka 2019 uchunguzi wa watu karibu 20,000 huko Uingereza ulionyesha kwamba waliokaa penye miti, maji au mashamba kwa dakika 120 au zaidi kila juma, ndio waliosema mara nyingi zaidi kuwa wana afya njema na wameridhika na maisha. Haikujalisha kama muda huo ulikuwa wa mara moja au wa vipande vipande.

Kwa watu wa ndoa kuna faida nyingine. Nyumbani mnakaa mkitazamana, na neno gumu hukwama kooni. Mkitembea bega kwa bega, macho yakiwa kwenye maji, ulimi hulegea.

Bwana wetu mwenyewe, aliposikia Yohane Mbatizaji ameuawa, alipanda mashua akaenda mahali pasipo watu (Mt 14:13). Na mitume waliporudi wamechoka, aliwaita waende faraghani wakapumzike (Mk 6:31). Walikwenda pamoja naye.

Mfanye hivi

1. Chagueni saa moja katika juma, kwa mfano Jumapili alasiri. Bwana asiseme "nikipata nafasi", na bibi asiseme "nikimaliza kazi". Watoto waachieni shangazi au jirani mnayemwamini.

2. Nusu saa ya kwanza msiseme kitu. Sikilizeni upepo katika mafunjo, mtazameni furukombe akishuka kuchukua samaki. Acheni pumzi ishuke.

3. Kisha kila mmoja aseme jambo moja tu lililo moyoni mwake. Mwenzake asikilize bila kujibu, bila kusahihisha. Akilia, mwache alie. Mshike mkono.

4. Madeni, karo na maneno ya wakwe yabaki nyumbani. Yana siku yake.

Mahali si lazima pawe pa gharama. Wenye nafasi wanaweza kuingia hifadhi ndogo ya Impala pale mjini, iliyofunguliwa mwaka 1992, au kupanda mashua hadi kisiwa cha Ndere, mbuga ya taifa tangu 1986. Wasio na nauli wana mwembe wa uani. Ila ufukoni mwondoke kabla ya giza, kwa kuwa viboko hutoka majini jioni kula nyasi. Wala msiingize miguu kwenye maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho.

Tena tuseme ukweli. Ziwa si daktari. Mwenzako akikosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili, au akisema heri afe, mpeleke hospitali bila kuchelewa. Na palipo na kipigo nyumbani, matembezi hayatoshi. Anayepigwa aende kwanza mahali salama, na atafute msaada.

Bwana, kesho jioni kabla ya kwenda Dunga, pitia nyumbani kwanza. Sema, "Mama, chukua leso yako, twende." Pengine atakataa mara ya kwanza. Kesho kutwa umwambie tena. Jirani akija kuuliza mzee yuko wapi, asimkute mama wa kumjibu. Akute mlango umefungwa, mmekwenda wote.

Maswali ya kuzungumza wawili

Ni huzuni gani ambayo hatujawahi kuitaja pamoja?
Mimi hukimbilia wapi nikiumia, na je, mwenzangu anapajua?
Juma hili tutatoka siku gani, saa ngapi?