Mtoto wa Jirani Naye Asome

Tangu Januari 2016 hakuna ada katika shule za serikali, kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne. Hata hivyo, huku mwambao wa Bagamoyo mtoto hukosa masomo kwa sababu nyingine, na majirani huzijua kabla ya mwalimu.

Chukua kilimo cha mwani. Mlingotini, akina mama hushuka shambani siku za bamvua, maji yanapokupwa sana. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hivyo mwalimu anayezifuatilia siku hizo atajua mapema lini mabinti watabakizwa nyumbani kulea wadogo zao. Kumfokea mzazi ofisini hakusaidii. Kamati ya shule iende kuzungumza na kikundi chenyewe cha mwani: akina mama wakipeana zamu ya kulea, binti wa darasa la tano atabaki darasani. Nawe mvuvi unayehamia dago na familia, muombe mwalimu mkuu uhamisho wa mtoto kabla hujaondoka.

Mwingine wa kuulizwa kuhusu watoto wasio shuleni ni ustadhi wa madrasa. Huenda mtoto mwenye ulemavu ambaye shule haimfahamu anasoma kwake kila jioni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma pamoja na wenzake.

Akishaandikishwa, asiyesikia vizuri akae mbele aone midomo ya mwalimu. Mwenye ualbino akae karibu na ubao lakini mbali na mwanga wa dirisha, na aruhusiwe kuvaa kofia na nguo za mikono mirefu. Chooni, fundi wa kijijini anaweza kujenga mteremko wa zege badala ya ngazi. Apime kwanza upana wa kiti cha magurudumu. Mlango ukiwa mwembamba, mteremko hautamfaa mtoto.

Msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni tangu Novemba 2021. Mzazi, mpeleke mwenyewe, na majirani tumwache asome bila kumsimanga.

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Mwombeni mwenyekiti aiweke ajenda ya watoto wasiosoma. Isomwe idadi tu. Majina yabaki kwa kamati ya shule na afisa ustawi wa jamii, ambao watapita nyumba kwa nyumba.