Kifaru Kilichogeuzwa Trekta

Ukitoka Songea kwenda mashariki, ukapita Tunduru na Masasi, unafika Nachingwea. Hapo, pamoja na Kongwa na Urambo, serikali ya Waingereza ilitaka kulima karanga. Kwao mafuta ya kula yalikuwa ya mgawo. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mpango ulikuwa kulima ekari zaidi ya 3,000,000. Kwa jembe la mkono, hilo haliwezekani. Yalitakiwa matrekta, lakini vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, mwaka 1945, na matrekta yalikuwa haba dunia nzima.

Kule Newcastle, Uingereza, ilikuwako kampuni ya Vickers. Kazi yake hasa ilikuwa mizinga, meli na vifaru vya vita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanunuzi wa silaha walipungua. Basi miaka ya 1920 kampuni ikajaribu kuunda trekta la magurudumu, likaitwa Aussie, likapelekwa Australia. Biashara hiyo haikudumu. Vita vya pili vikaja, wakarudia silaha.

Vita hivyo vilipokwisha, wakaingia tena shambani. Safari hii walichukua vifaru vya Kimarekani viitwavyo Sherman. Wakaondoa mzinga na mabamba mazito ya chuma, wakaunda trekta la minyororo kwa viungo vilivyobaki. Wakaliita Shervick: nusu Sherman, nusu Vickers. Likaletwa Tanganyika kwenye karanga.

Sasa angalia tatizo. Kifaru kinaundwa kipite haraka penye risasi. Trekta linavuta mzigo polepole, kutwa nzima, siku baada ya siku. Hizo ni kazi mbili mbali kabisa! Tena ardhi ya Kongwa haikuwa na huruma. Chini ya vichaka mlikuwa na mizizi minene. Kiangazi udongo ulikauka ukawa kama saruji, plau zikalika upesi. Matrekta mengine yalikuwa mabaki ya vita, yamekwisha choka kabla ya kufika. Spea zilitoka ng'ambo kwa meli. Mwaka huo huo wa 1947 mengi yalikuwa yamelala karakana.

Mwaka 1951 mpango ulivunjwa. Pauni kama 36,000,000 zilikuwa zimepotea.

Jadilianeni: kijiji chenu kikitaka kununua trekta leo, spea zitatoka mji gani? Na likikwama shambani mvua za kwanza zikianza, fundi ni nani?