Taa ya kukata usiku katika vitalu vya mitishamba

Kwa wengi wa Arua na Koboko, West Nile ya Uganda, Februari ni mwezi wa vumbi na majani makavu. Kwa mkulima wa mitishamba yenye harufu, huu ndio mwezi wa kitalu. Mvua hutarajiwa mwishoni mwa Machi au Aprili. Miche ya mrehani huhitaji wiki nne hadi sita kabla ya kuhamishiwa shambani, na ya artemisia wiki sita hadi nane. Anayengoja wingu la kwanza ndipo aanze kutafuta mbegu atakuwa ameshachelewa.

Msimu huu mazungumzo hayaishii kwenye mbegu. Picha za miche iliyopangwa chini ya mwanga wa zambarau zinapita kutoka simu hadi simu, na balbu za kukuzia mimea zinatangazwa kana kwamba bila hizo hakuna kilimo cha kisasa. Mkulima anauliza, na ni haki yake kuuliza: je, taa ina kazi gani huku kwetu? Ina kazi, tena kubwa, lakini ni moja tu: kuukata usiku, yaani kulikatiza giza kwa mwanga wa saa chache. Anayeinunua ili ichukue nafasi ya jua atapoteza fedha zake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Jua la Uganda hushusha wastani wa takriban uniti 5 za nishati kwa siku juu ya kila mita ya mraba. Karibu nusu ya nishati hiyo ndiyo mwanga ambao jani linaweza kuutumia. Taa nzuri ya LED nayo hugeuza takriban nusu ya umeme wake kuwa mwanga, sehemu iliyobaki ikapotea kama joto. Kwa hiyo anayetaka kuleta jua ndani ya nyumba anahitaji kama uniti 5 za umeme kwa mita moja ya mraba kila siku. Tuta la mita 1 kwa mita 10 litakula uniti 50 kwa siku. Hata akiridhika na theluthi ya jua, bado ni uniti 16 na zaidi. Kila mmoja azidishe kwa bei anayolipa kwenye mita yake, halafu ajiulize fungu la mrehani sokoni linauzwa kwa shilingi ngapi.

Umeme wenyewe West Nile umepatikana kwa jasho. Mtambo wa maji wa Nyagak huko Zombo, wenye megawati 3.5, ulianza kazi mwaka 2012, na kwa miaka mingi mji wa Arua uliishi kwa mgao na jenereta. Vijiji vingi bado vinategemea paneli za sola. Si busara kuutumia umeme huo kutengeneza kitu ambacho anga linakimwaga bure tangu asubuhi hadi jioni.

Sasa ije kazi halisi ya taa. Arua iko nyuzi 3 hivi kaskazini mwa ikweta, na Koboko mbele yake kidogo. Hapa mchana huwa wa saa 12 mwaka mzima. Kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote tofauti haifiki nusu saa. Watu hawaioni hali hiyo, lakini mimea inaisoma kila usiku. Ndani ya jani mna kihisi cha mwanga kiitwacho fitokromu, na kwa kihisi hicho mmea hupima urefu wa giza.

Artemisia, mmea wa asili ya China unaotoa artemisinini ya dawa za malaria, hutoa maua mchana unapopungua chini ya saa 13 na nusu hivi. Arua haina mchana mrefu kiasi hicho hata siku moja. Mbegu ya kawaida ikipandwa hapa hukimbilia kuchanua ikiwa bado fupi, na mkulima hubaki na vijiti na maua badala ya majani. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Mediplant cha Uswisi kilizalisha mbegu chotara ya Artemis, inayochelewa kuchanua, nayo ikapandwa Afrika Mashariki, Kabale ikiwemo. Kwa anayepanda eneo kubwa, jibu ni mbegu ya aina hiyo. Taa ni ya kitalu, na hasa ya mimea mama inayokatwa vipandikizi. Hiyo lazima ibaki na majani mwezi hata mwezi.

Mnanaa wenye mentholi, ule unaotoa mafuta ya peremende, una tatizo linalofanana na hilo. Asili yake ni nchi zenye mchana mrefu wa kiangazi. Mchana wa saa 12 huufanya utambae chini, na mafuta yake huwa na mentholi kidogo. Nanaa ya kawaida ya chai haina masharti makali hivyo. Mchaichai haudai taa hata kidogo. Unataka jua kali lisilozuiwa na kivuli. Mrehani, kivumbasi na rozmari navyo vinatosheka na jua letu.

Ufundi wa kukata usiku si mgeni katika ukanda huu. Kando ya Ziwa Viktoria, mashamba ya Uganda yanayokuza vipandikizi vya krisanthemamu kwa soko la Ulaya huwasha taa usiku ili mimea mama isichanue. Naivasha, Kenya, wakulima wa maua huwasha taa juu ya haiperikamu kwa lengo lililo kinyume: mmea huo hungoja mchana mrefu ndipo uchanue. Wote wawili, anayezuia maua na anayeyataka, wanatumia mwanga hafifu wa saa chache, kwa sababu mmea haulishwi kwa taa hiyo. Unapewa ishara tu kwamba usiku ni mfupi.

Kwa tuta la mita 10, balbu nne za LED za wati 10 zinatosha. Zitundikwe mita 1.5 hadi 2 juu ya majani, kila moja ikiachana na mwenzake kwa mita 2.5. Rangi iwe ya joto, yaani ile inayoelekea manjano au nyekundu; mwanga mwekundu ndio unaohisiwa zaidi na fitokromu. Ziwake kuanzia saa nne usiku hadi saa nane usiku. Kipimo cha shambani ni gazeti: mtu akilishika usawa wa majani, pale tutani palipo mbali zaidi na balbu, maandishi yasomeke bila shida. Asipoweza kusoma, balbu zishushwe au ziongezwe.

Kazi hiyo yote inakula wati-saa 160 kila usiku, yaani kama sehemu ya sita ya uniti moja. Paneli ndogo ya wati 50 na betri yake inaimudu siku ya jua. Saa ya kuwasha na kuzima yenyewe inunuliwe pamoja na balbu. Binadamu husahau, huugua, husafiri kwenda msibani, na usiku kadhaa mfululizo bila taa unatosha kuamsha maua.

Yako mambo mawili ya kuangaliwa hapa petu. La kwanza ni simsim na soya. Zote mbili huchanua giza likiwa refu, na Marekani wakulima wameona soya iliyo karibu na taa za barabarani ikibaki kijani wakati shamba lililobaki limekomaa. Kwa hiyo taa za mitishamba zifunikwe pembeni kwa bati au gunia, na tuta lisikae mpakani mwa simsim ya jirani. La pili ni kumbikumbi. Mvua za kwanza zikishuka, hao hufuata kila mwanga, na watu huwafuata wao wakiwa na ndoo na beseni. Tuta la miche lililo wazi litakanyagwa usiku mmoja tu. Uzio uwekwe mapema, na wakati wa kumbikumbi kuruka, taa nyingine iwashwe mbali na kitalu iwavute huko.

Harufu haitoki kwenye balbu. Mafuta ya mrehani, nanaa na artemisia hukaa katika vifuko vidogo mno juu ya jani. Jani la mrehani likishikwa kuelekea jua, vinaonekana kama vidoa vinavyong'aa. Uchunguzi wa mrehani umeonyesha kwamba miale ya urujuanimno ya jua husaidia vifuko hivyo kujaa. Mche uliolelewa chini ya taa tupu huwa laini, mrefu, wenye harufu pungufu. Kivuli cha nyasi juu ya kitalu kianze kupunguzwa wiki mbili kabla ya kuhamisha, saa chache kila siku, mpaka mche uzoee jua zima.

Katika kitalu, wakulima wa West Nile wana mtaji ambao wengine hawana. Kwa miongo mingi eneo hili limelima tumbaku, na mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi. Ya artemisia ni hivyo hivyo: gramu moja ina zaidi ya mbegu 10,000. Ichanganywe na mchanga mkavu, isambazwe juu ya udongo bila kufukiwa, kwa kuwa inahitaji mwanga ili iote, na imwagiliwe kwa matone madogo. Wazee waliolea vitalu vya tumbaku Koboko na Maracha wanaijua kazi hii kwa mikono yao. Vijana wawaombe wawafundishe.

Mabanda ya zamani ya kukaushia tumbaku, hata hivyo, yaachwe. Nikotini hubaki kwenye kuta na fito, na Ulaya imeweka kikomo cha nikotini katika mitishamba inayoingia huko. Mitishamba ikaushwe kivulini, kwenye vichanja vya wavu safi, safu nyembamba, joto lisizidi nyuzi 40. Majani yavunwe asubuhi umande ukishakauka, kabla maua hayajafunguka. Yatakuwa yamekauka vya kutosha yatakapovunjika kwa sauti yakifikichwa. Kilo 5 hadi 7 za nanaa mbichi hutoa kilo moja kavu, na hesabu ya bei ianzie hapo.

Kuhusu dawa, ukweli usemwe wazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba haliungi mkono chai au unga wa artemisia kwa kuzuia au kutibu malaria. West Nile ina mzigo mzito wa ugonjwa huo, na mtoto mwenye homa anapaswa kupimwa kituo cha afya na kupewa dawa mseto. Mkulima auze majani kama zao, asiyauze kama tiba. Anayetaka kutengeneza bidhaa ya dawa aanze na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na aulize pia maabara ya serikali ya utafiti wa dawa za asili iliyoko Wandegeya, Kampala.

Kwa msimu huu, jaribio liwe dogo. Matuta mawili yatengenezwe katikati ya Februari, mbegu ya aina moja, siku moja, samadi sawa. Moja liwe na taa, la pili lisiwe nayo. Tarehe ya ua la kwanza iandikwe kwa kila tuta. Wakati wa mavuno majani makavu yapimwe kwenye mizani ile ile, na tofauti ya kilo ilinganishwe na gharama ya paneli, betri na balbu. Daftari hilo lipelekwe kwa afisa ugani au kituo cha utafiti cha Abi, Arua, kabla ya kununua balbu ya tano.