Uyoga wa Hatua ya Kwanza

Mario nilianza kumcheza nikiwa darasa la tatu, kwenye mashine ya kuiga iliyonunuliwa Kariakoo: kaseti ya njano, televisheni ya chogo, pedi mbili zenye waya mfupi. Mwaka jana ndipo nilipokutana na mwendelezo wake wa Kijapani. Nintendo waliutoa Japani Juni 1986 kwenye diski, kwa jina la Super Mario Bros. 2, na boksi lenyewe lilisema ni kwa wachezaji hodari. Tawi lao la Marekani liliona ni mgumu mno kwa wateja wake. Mwaka 1988 likawapa gemu jingine kabisa, Doki Doki Panic iliyobadilishwa wahusika, kwa jina hilohilo. Wamarekani waliupata ule wa Kijapani mwaka 1993, ndani ya Super Mario All-Stars, ukiitwa The Lost Levels. Toleo hilo ndilo lililonishika miezi minne, na haya ndiyo lililonifundisha.

1. Nilichokijua ndicho kilichoniua

Kwenye gemu la kwanza, uyoga ukitoka kwenye boksi unaukimbilia. Mkono unakwenda wenyewe. Hapa, mapema kabisa kwenye hatua ya kwanza, nilipiga boksi, uyoga ukatoka, nikaufuata, nikafa. Ulikuwa na sumu. Rangi yake ni tofauti na ya uyoga mzuri, na niliiona, ila vidole vilishaamua. Ndipo nikaelewa kwamba aliyetengeneza gemu hili alikuwa anazungumza na mtu aliyelimaliza la kwanza. Anajua utaruka wapi, kwa hiyo juu ya shimo hilohilo anaficha boksi lisiloonekana. Unaligonga kwa kichwa na kutumbukia. Wapo wanaouita huu uonevu. Mimi sikubaliani nao. Mtego wa namna hii hauwezi kutegwa na mtu asiyekujua vizuri, na kila uliponinasa niliona heshima ndani yake.

2. Njia ya mkato inaweza kukurudisha

Kwenye 3-1, yaani hatua ya kwanza ya dunia ya tatu, kuna chumba cha siri. Nilikifikia kwa jasho, moyo ukidunda, nikitegemea kurushwa mbele kama zamani. Bomba lilikuwa na namba 1 juu yake. Ukiingia, unarudi dunia ya kwanza, na kazi yote uliyoifanya imepotea. Nilisimama kando ya bomba lile bila kugusa kitufe, nikaiacha saa ijimalize. Ilipoingia chini ya 100 muziki ukaanza kwenda mbio, kama unavyofanya siku zote, na mimi bado nimesimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenye gemu lolote kuchagua kufa ili nisipoteze nilichokwishajenga.

3. Luigi si kivuli cha kaka yake

Hili ndilo lililonigusa zaidi. Nyumbani kwetu kaka alikuwa mchezaji wa kwanza, mimi wa pili. Yeye Mario, mimi Luigi. Hakuna aliyejadili, yeye ni mkubwa. Kwenye gemu lile la kwanza haikuwa na maana yoyote, maana wawili hao walitofautiana rangi ya nguo tu. Mwendelezo huu wa 1986 ndipo Luigi alipopata mwili wake mwenyewe: anaruka juu kuliko Mario, lakini akikanyaga chini anateleza, hasimami pale unapotaka. Gemu linakuuliza mwanzoni unamtaka nani. Nilimchagua Luigi bila kufikiri.

Wiki mbili za kwanza nilimcheza kama Mario na nikawa ninateleza mashimoni. Ilibidi nijifunze kuachia kitufe cha kwenda mbele kabla mguu haujagusa tofali, kisha nibonyeze kurudi nyuma kidogo tu, ili kuteleza kuishie ukingoni. Nilipoizoea hiyo, kuruka kwake kukaanza kunifikisha mahali ambapo Mario hafiki. Nimekaa miaka yote hiyo nikiamini Luigi ni jina la anayesubiri zamu.

4. Kuna wakati wa kutua bila kujiona

Springi za gemu hili hukurusha hadi unatoka nje ya skrini. Hujioni. Unachokiona ni ardhi inayopita chini, na baadhi ya hatua zina upepo unaokusukuma kulia ukiwa hewani. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kisha naachia. Mpwa wangu aliyekuwa amekaa pembeni akawa anahesabu nami.

5. Kidole kikichoka, zima

Toleo la 1993 linahifadhi hatua uliyofikia. Kesho utaikuta palepale.

6. Usimwambie mwenzako

Kaka alikuja Idi iliyopita. Nikampa pedi, akachagua Mario kama nilivyotarajia, akakaa mbele kabisa ya televisheni, magoti yamegusana kama zamani. Akapiga boksi. Uyoga ukatoka. Mpwa wangu alifungua mdomo, nikamshika bega. Kaka akaukimbilia, Mario akafa, na chumba kizima kikanyamaza.

"Huu uyoga vipi, mdogo wangu?"

"Cheza, kaka."

Aligeuka akaniangalia usoni kwa muda, kisha akaurudia mchezo. Safari hii alipolifikia boksi lile, alisimama kwanza.