Panga Usiku, Mchana Utajipanga

Mdogo wangu wa Tabata, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mpo sita, mmejuana tangu chuo. Babu wa mmoja wenu ana shamba nje ya mji wa Kilosa, lina banda la vyumba viwili na vilima vya mahindi mbele yake. Mnataka kulala pale siku mbili, kisha mpite Mikumi mkaone tembo. Unaniuliza mbebe nini.

Orodha yako nimeiona. Spika ipo, miwani ya jua ipo, magauni ya picha mawili. Kiberiti hakipo.

Sikucheki, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Safari yangu ya kwanza ya banda tulifika saa mbili usiku, watu watano na tochi moja ya simu yenye chaji asilimia kumi na moja. Mkaa tuliufunga vizuri, jiko likabaki Dar. Maharage yalikuwa mabichi. Tulikula biskuti na tukanywa maji tuliyokuwa tumeyaweka ya kupigia mswaki. Asubuhi nikaacha mkate juu ya meza ya nje nikaenda kunawa uso. Niliporudi, nyani alikuwa ameketi kama mwenye nyumba, anachambua nailoni taratibu. Hakuna wa kumlaumu, mpangaji nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: panga usiku kwanza. Mchana wa Kilosa haukusumbui. Una vilima, una hewa, una watu wa kupiga nao soga. Ila mwezi wa sita na wa saba giza linashika kabla ya saa moja, na jua halichomozi mpaka saa kumi na mbili na nusu hivi. Hizo ni karibu saa kumi na mbili za giza, bila taa za barabarani na bila duka la jirani. Wengi hupanga picha za mchana, halafu usiku ndio unawagombanisha.

Kwa hiyo, fikeni jua likiwa juu. Siku hizi si kazi. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, mwezi uliofuata ikafika Dodoma, na Kilosa ina stesheni yake. Hakikisha tu treni unayokata tiketi inasimama pale, maana si kila treni husimama. Kateni ya asubuhi. Anayesema "tutafika tu" mwache ashike tiketi yake mwenyewe.

Chakula cha usiku wa kwanza kiwe kimeshaiva nusu kabla hamjatoka. Maharage yachemsheni nyumbani, yagandisheni, yatayeyuka njiani. Kule mtapika wali na kuunga tu. Nyanya, vitunguu na mboga nunueni sokoni Kilosa, mtoto wa mjini usibebe nyanya kupeleka shambani! Maji ya kunywa wekeni kwenye dumu la lita 20 ambalo hakuna ruhusa ya kunawia maji yake. Kiberiti kifungwe ndani ya nailoni, viwe viwili, kwa watu wawili tofauti. Kila mtu na tochi yake, neti yake na sweta. Ndiyo, sweta. Hewa ya usiku ikishuka kutoka milima ya Rubeho mtanikumbuka.

Mkaa ulizeni kwa wenyeji, mnunue ule wenye risiti ya kijiji. Kilosa ndiko mradi wa mkaa endelevu ulikoanzia mwaka 2012, chini ya mashirika ya misitu ya TFCG na MJUMITA: vijiji hutenga sehemu ya msitu wao, huvuna kwa mpango, na kijiji hupata ushuru. Na moto wa nje, kama babu ameruhusu, uwe mdogo, mahali palipolimwa pakabaki udongo mtupu, ndoo ya maji ikiwa pembeni. Kiangazi nyasi za kule ni kama karatasi. Moto kichaa haujui kwamba wewe ni mgeni.

Na kama kuna anayetaka kuahirisha mpaka Aprili kwa sababu ya likizo yake, mwambie hapana. Aprili ni masika, na mvua za kule si za kuchezea. Kwa mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulifurika ukabomoa nyumba za watu na kukata reli. Hata kiangazi, mkibeba hema, lisipigwe bondeni kando ya mto eti kwa ajili ya mandhari.

Sasa lile ambalo hukuniuliza. Mkishafika, kabla hamjafungua mabegi, nendeni na mwenyeji wenu kwa mwenyekiti wa kitongoji mkajitambulishe. Wilaya ile imewahi kuonja machungu ya ugomvi wa wakulima na wafugaji, kwa hiyo sura ngeni sita usiku shambani ni jambo la kuuliza, na wana haki ya kuuliza. Mbele ya babu piga "shikamoo", funga khanga, na kilo mbili za sukari na miche ya sabuni visikosekane. Spika saa tatu izimwe. Na mama yako ajue unalala wapi, kwa jina la kijiji, si "niko na wenzangu". Njiani kuelekea Mikumi kuna kijiji kinaitwa Ulaya. Ukimtumia ujumbe "Mama, nimefika Ulaya" bila maelezo, usinitaje.

Fedha: mchango uingie wiki mbili kabla, kwa simu, kwa mtu mmoja, na mwingine aandike matumizi. Asiyetuma kufikia tarehe hiyo, mtakieni kheri. Najua inauma. Inauma zaidi ukimdai rafiki yako elfu ishirini ndani ya banda ambalo mnalala chumba kimoja.

Mikumi yenyewe sitakuchosha nayo. Hifadhi ni ya tangu 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya Dar kwenda Iringa inakatiza katikati yake, ndiyo maana watu huona twiga kwa dirisha la basi. Lakini kuingia ndani ni kwa gari, bodaboda haiingii. Chukueni moja la pamoja mjini Mikumi, na kabla hamjapanda ulizeni kama bei ina dereva, mafuta na ada ya gari getini. Beba kitambulisho cha NIDA ulipe kama Mtanzania. Jinzi ya bluu na tisheti nyeusi viache bandani, mbung'o wa kule wanazipenda rangi hizo kuliko wewe unavyozipenda. Mkilala kambi ya hifadhini, chakula kisiingie hemani, hata ganda la chungwa.

Mwisho, gaweni zamu za usiku kabla hamjapanda treni: nani anawasha jiko, nani anaosha vyombo, nani anamsindikiza mwenzake chooni saa nane. Mambo madogo, lakini ndiyo yaliyotuvunja sisi watano.

Mmesema siku mbili, shikeni hapo hapo. Mkiongeza ya tatu babu hatawafukuza. Atasimama mlangoni alfajiri na majembe sita, na mimi nitakuwa upande wake.

Dada yako.